Disco 3, Disco 4 na Range Sport mkongwe: kelele gani ni ya elfu chache na gani inakula injini

Hizi Land Rover Discovery (Disco) na Range Rover Sport ziko nyingi huku kwetu kuliko mtu anavyodhani. Ukizunguka Milimani ya Nakuru ama Milimani ya Kisumu utazikuta, ukienda Kitale kwa watu wa mahindi ziko, na bei imeshuka mpaka mtu anauza Prado yake, ananunua Range Sport na anabaki na chenji mfukoni. Shida ni kwamba kilichoshuka ni bei ya kununua, bei ya spea haikushuka nayo. Halafu kwa vile Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka 8, hakuna Disco 3 ama 4 inaingia tena saa hii, kwa hivyo yoyote unayouziwa imeshapita kwa mikono ya mafundi wetu, na mingine ya hiyo mikono ilikuwa inajifunzia hapo.

Naongelea Disco 3 (2004 hadi 2009), Disco 4 (2009 hadi 2016) na Range Rover Sport ile ya kwanza (2005 hadi 2013). Nimeziweka pamoja kwa sababu huko chini ni ndugu: dizeli V6 ya lita 2.7 na baadaye 3.0, petroli V8 ya 4.4 na baadaye 5.0, giaboksi ya ZF, breki ya mkono ya stima, na nyingi zina suspensheni ya hewa. Kwa hivyo hata magonjwa yanafanana.

Kitu cha kushika kabla ya yote: hii gari inapiga kelele sana kwa kitu kidogo na inanyamaza kwa kitu kikubwa. Swichi ya elfu chache inaweza kuwasha taa karibu zote, lakini kulanti ikivuja polepole ama beringi za krankshafti (shafti kuu ya injini) zikianza kuisha, dashibodi inakuangalia tu. Usipime ukubwa wa shida kwa wingi wa taa.

Kabla ya dalili yoyote: betri

Najua hujakuja hapa kusoma mambo ya betri lakini ndio inaanza. Gari ikiwa imelala usiku kucha bila kuguswa, betri nzima inasoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 kwenda chini basi imechoka ama kuna kitu kinainyonya usiku. Washa injini, isome kati ya 13.8 na 14.7. Halafu mtu apige stata wewe ukiangalia mita, ikizama chini ya 9.6 hiyo betri imeenda hata kama gari bado inawaka.

Moduli za hii gari zinaongea zenyewe kwa zenyewe muda wote, na volti zikipungua zinaanza kusingiziana, ABS inalaumu suspensheni, suspensheni inalaumu injini, na wewe unaenda kununua kompresa. Watu wamefanya hivyo kabisa, kumbe chini ya boneti muuzaji alikuwa ameweka betri ndogo ya N70 ya pikapu ndio gari iwake siku ya kuuza. Hii inataka betri kubwa ya Ah 90 kwenda juu, na Disco 4 zenye mfumo wa kuzima injini kwenye jam zinataka ile ya AGM. Angalia pia vichwa vya betri na waya wa athi unaoenda kwa bodi, ukiona unga wa kijani ama nati imelegea anzia hapo, ni kazi ya spana moja.

Kuhusu skana: kile kidude kidogo cha bluetooth kinasoma injini peke yake, suspensheni na breki ya mkono hakioni. Unataka skana inayoongea na moduli zote za Land Rover, kama GAP IIDTool, ama fundi mwenye programu ya SDD. Piga picha namba za hitilafu kabla ya kuzifuta. Fundi akitaka kufungua kitu kabla hajachomeka mashine yoyote, chukua ufunguo wako uende.

Dashibodi inajaa maandishi: HDC (mfumo wa kushuka mteremko), programu maalum zimezima, suspensheni ina hitilafu, zote mara moja

Hii ndio inatisha watu zaidi na ndio rahisi zaidi. Sababu ya kwanza kwa mbali ni swichi ya taa za breki, ile iko juu ya pedali. Cheki yake haina gharama: mtu asimame nyuma ya gari, wewe gusa pedali pole pole kisha uachilie. Taa zikichelewa, zikicheza ama zikibaki zimewaka, ni hiyo. Dalili nyingine ni gia kukataa kutoka P asubuhi mpaka ukanyage mara kadhaa. Swichi ni kitu cha elfu chache, usikubali kuuziwa moduli ya ABS kwa hii dalili bila swichi kubadilishwa kwanza.

Ikiwa swichi ni mzima, inayofuata ni sensa ya spidi kwenye gurudumu. Skana itakuambia ni kona gani. Mara nyingi ni uchafu ama waya uliosuguliwa, na kama ukiendesha unasikia mvumo unaopanda na spidi upande ule ule, basi ni beringi ya habu ndio imemaliza sensa. Ya tatu, na si kawaida sana, ni maji kwenye soketi, nitafika huko mwisho.

Lakini kama pedali yenyewe imekuwa laini ama inazama, wacha kufikiria sensa. Hiyo ni breki yenyewe, na gari haiendi mahali mpaka fundi aione. Zile zilizotoka Uingereza zimekanyaga chumvi ya barabara za baridi na paipu za breki huko chini huoza kwa nje bila kuonekana.

Asubuhi gari imelala chini

Hapa tukae kidogo juu ndipo pesa nyingi inapotea bure.

Kwanza jua hii tabia: gari ikipakiwa, inaamka yenyewe mara kwa mara kujisawazisha, na ikikuta kona moja imeshuka inashusha zile zingine tatu ziwe sawa nayo. Kwa hivyo gari kulala yote haimaanishi mipira ya hewa yote minne imekufa, inaweza kuwa mmoja tu na wengine wameufuata. Ndio uujue, jioni chomoa fyuzi ya suspensheni, kitabu cha gari kinaonyesha ni gani, halafu pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa fenda juu yake uandike. Asubuhi pima tena. Kona iliyoshuka ndio mgonjwa. Hii cheki haina gharama yoyote na bado kuna watu wanabadilisha mipira miwili ya mbele kwa kubahatisha.

Ukishaijua kona, changanya sabuni na maji kwenye chupa ya kupuliza, inua gari hadi urefu wa juu wa barabara mbaya ndio mikunjo ya mpira ifunguke, upulizie mikunjo na pale paipu inaingia juu ya strut (shoki yenye huo mpira). Povu likitoka kwa kiungo cha paipu una bahati, ni kukata ncha ya paipu na kuweka kiungo kipya. Likitoka kwa mpira, strut inabadilishwa. Kuna watu wa kuziba mipira hapa mjini, sijaona kazi yao ikidumu. Kama kona zote zinakaa na fyuzi ikiwa nje lakini zinashuka ikiwa ndani, angalia sensa za urefu, zile zenye mkono mdogo karibu na kila gurudumu. Za upande wetu hujaa tope la Mumias likakauka, zinakwama, na gari inadhani iko juu kumbe iko chini. Osha kwanza. Ukibadilisha, lazima urefu upangwe upya kwa skana, bila hiyo gari itasimama upande.

Sasa kuna ile ya kukataa kupanda kabisa. Inaandika suspensheni ina hitilafu, urefu wa kawaida tu, na ikizidi inakuambia usipite kilomita 50 kwa saa. Kabla ya kompresa cheki fyuzi yake na rilei. Rilei ni bei ya chai na inaua kompresa kwa njia mbili, ikikataa kushika kompresa haizunguki, na ikishika ikakataa kuachilia, kompresa inazunguka mpaka inaungua. Ndio maana ukibadilisha kompresa na ukaacha rilei ya zamani unajitafutia kurudi pale pale.

Kompresa iko chini upande wa kushoto, ndani ya kifuniko, mahali pazuri kabisa pa kupokea vumbi na maji yote ya barabara. Isikilize. Ikizunguka muda mrefu, ikapata joto na kujizima kabla gari haijafika juu, imechoka, lakini kuchoka si kufa. Sili ya pistoni na dawa ya kukausha hewa huuzwa kama seti ya kurekebishia, kwa ile ya Hitachi ya Disco 3 na kwa ile ya AMK iliyokuja kwa Disco 4 za baadaye, na hiyo seti ni sehemu ndogo ya bei ya kompresa mpya. Ukiona unga mweupe unatoka ile dawa imesagika, na huo unga unaenda kuziba bloku za valvu, hapo usikawie. Tena kabla ya kulaumu kompresa hakikisha hakuna mvujo, kwa sababu karibu kila kompresa inayokufa mapema iliuawa na mvujo iliokuwa inaufidia kila siku.

Kuna wenye wamechoka wakaweka springi za chuma. Wasafi wa Land Rover watapiga kelele lakini mimi siwalaumu, mtu anayeishi ndani ndani ya Vihiga na mawe yale na fundi wa karibu ako mbali, springi zinamfaa, mradi ziwe za seti kamili ya hiyo gari yenye moduli ya kunyamazisha kompyuta. Springi zilizokatwa za gari nyingine hapana, gari ni ya tani mbili na nusu.

Simama hapa: usiingie chini ya hii gari ikiwa imeshikwa na hewa ama jeki peke yake, weka stendi za chuma. Gari inaweza kujishusha wakati wowote bila kukuuliza. Na paipu za hewa usifungue kabla hewa haijatolewa kwa skana, kuna tanki la akiba lenye presha ya kumtoa mtu jicho. Kama gari imeshuka mpaka mwisho wa suspensheni na tairi zinagusa fenda, ita bredauni ya kubeba, usivute kwa kamba.

Inachemsha ikipanda, ama kulanti inapungua na huoni inaenda wapi

Barabara ya Nakuru kwenda Eldoret inapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Huko maji ya kawaida yanachemka kwa digrii 91 hivi, si 100. Kinachozuia kulanti isichemke ni presha ndani ya mfumo, kwa hivyo kifuniko kilichochoka ama mvujo mdogo ambao Kisumu huusikii, juu huko inakuwa ni kuchemsha kabisa. Gari inasukumwa mlimani ikiwa na watu saba na magunia, na lori za Salgaa zimekushikilia mbele kwa spidi ya miguu.

Na mshale wa joto usiutegemee. Umepangwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi, na ukianza kusogea tayari umechelewa. Ukiwa na skana weka usomaji wa joto la kulanti ukipanda, ikizidi 110 tafuta pa kusimama.

Injini ikiwa baridi angalia kiwango kwenye tanki, kisha tafuta alama kavu za kulanti, ukoko wa rangi ya chungwa ama mweupe. Ya kwanza ni nyumba ya thamostati, ni plastiki, inapasuka kwa umri. Kwa zile V8 za 5.0 angalia pia paipu ya plastiki yenye umbo la Y mbele, hupasuka kwenye mshono. Kifuniko cha tanki ni rahisi hivyo badilisha tu bila mjadala. Halafu radieta kwa nje, na simaanishi kuitazama kutoka mbele, toa kifuniko uangalie kati ya radieta na kondensa ya AC, huko nyasi na mbegu hujaa hadi hewa haipiti. Pampu ya maji inafuata, hasa kwa 5.0, inaacha alama ya kutiririka chini yake. Feni kunguruma sana ukiwasha asubuhi si ugonjwa kwa hizi gari.

Kama huoni tone lolote nje na bado kulanti inapungua, inaenda ndani. Mpira wa radieta ukiwa mgumu asubuhi kabla hujawasha injini, mapovu kwenye tanki, moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha: hiyo ni gasketi ya hedi ama kipoza cha EGR (mfumo wa kurudisha moshi wa ekzosi kwenye injini) kimepasuka. Usiongeze maji ukaendelea na safari. Zima, ita bredauni. Mtu aliyesukuma gari inayochemsha kutoka Burnt Forest mpaka Eldoret ili aokoe pesa ya kuvutwa ndiye baadaye anatafuta injini.

Kulanti inayotakikana ni ya OAT, ile ya rangi ya chungwa, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji ya bomba yanaleta magamba. Kifuniko usikifungue moto, hata kwa kitambaa.

Haina nguvu, inaandika nguvu zimepunguzwa

Kwa dizeli anza na paipu za turbo na interkula. Fungua boneti mtu akanyage mafuta, sikiliza mluzi wa hewa, na upapase chini ya paipu kutafuta unyevu wa oil. Mpira uliopasuka ni wa kawaida sana na watu wanauziwa turbo kwa ajili yake. Turbo yenyewe iwe ya mwisho kabisa kushukiwa.

Baada ya hapo filta ya dizeli. Kitabu kinasema muda mrefu lakini kitabu hakikuandikiwa dizeli yetu. Tangu Januari 2015 dizeli inafaa kuwa na salfa isiyozidi 50 ppm, sawa, lakini kuchanganya na mafuta ya taa ni kitu kingine. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ndio huo mchezo ukome, hiyo inakuonyesha ulikuwa mkubwa aje. Mafuta ya taa hayalainishi, na pampu ya presha kubwa pamoja na nozo za hii injini zinategemea dizeli yenyewe kulainishwa. Mimi nabadilisha filta kila nikibadilisha oil na naweka mafuta kwa kituo chenye lori nyingi.

Inayofuata ni valvu za EGR kukwama kwa masizi, skana inaonyesha ni ya upande gani, wakati mwingine kuzisafisha kunatosha. Halafu sensa za hewa, MAF na MAP, ambazo pia husafishwa kabla ya kununuliwa.

Zile zenye DPF (filta ya kunasa masizi kwenye ekzosi) zinataka barabara ndefu. Gari inayozunguka Kondele na shule na sokoni haifikii joto la kuchoma masizi, inajaribu na kuachia katikati, na dizeli inayoingia kwa hiyo kazi inateremka kwenye oil. Chomoa kijiti cha oil: kiwango kikipanda badala ya kushuka na oil inanuka dizeli, mwaga oil leo, si wiki ijayo. Oil iliyochanganyika na dizeli haishiki beringi, na hiyo inatuleta kwa jambo lenyewe.

Kugonga kutoka chini ya injini, taa nyekundu ya oil, ama mchakacho asubuhi

Hapa hakuna cheki za nyumbani nyingi. Hizi dizeli V6, 2.7 na 3.0, zinajulikana dunia nzima kwa krankshafti. Beringi inazunguka mahali isipofaa, oil haipiti, krankshafti inakatika. Nyingine hazitoi onyo lolote, gari iko spidi ya kawaida kwenye lami nzuri na injini inazima tu. Zinazotoa onyo hutoa kugonga kuzito kwa chini kunakopanda na mzunguko wa injini.

Ukisikia hivyo zima. Usisogee hata hadi petroli steshoni inayofuata. Fundi aangushe sampu (bakuli la oil chini ya injini) na akate filta ya oil aangalie ndani: ukiona vipande vya kung'aa, injini inafunguliwa. Wakati mwingine krankshafti ikigunduliwa mapema inaokolewa, ikishakatika unaingia kwa laki kadhaa za injini nyingine, nayo pia ni ya mtumba na historia yake huijui.

Kinga yake ni oil. Muda wa kiwandani unapita kilomita elfu ishirini. Hapa kwetu fanya elfu nane, ukizidisha sana elfu kumi, na oil iwe ya kiwango cha Ford kilichoandikwa kwa kitabu, si 20W-50 ya kopo la duka la kona. Fundi akikwambia nzito ndio inafaa gari kuukuu, kwa hii injini anakosea.

Belti ya taimingi nayo usingoje dalili, haina. Kwa 2.7 kiwanda kilisema miaka 7 ama kilomita 168,000 hivi, chochote kinachotangulia, na miaka ndio inatangulia. Kama muuzaji hana risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa. Kuna belti ya pili nyuma ya injini ya pampu ya dizeli, mafundi wengi huiacha kwa sababu ni ngumu kuifikia. Na kwa 2.7 za mwanzo, pale tenshona ya belti inashikilia ni kwenye nyumba ya pampu ya oil, hilo sikio lilikuwa dhaifu na likivunjika belti inaenda na valvu zinapigwa. Ukifungua belti, weka pampu ya oil ile iliyoboreshwa hapo hapo, kazi ya kufungua ni ile ile.

Kwa petroli V8 ya 5.0 za mwanzo, mchakacho wa sekunde chache ukiwasha injini baridi, kama dizeli ya zamani, ni cheni za taimingi na tenshona zake. Gari inayofanya hivyo usinunue kwa bei ya gari nzima.

Giaboksi inatetemeka ama inapiga teke

Ukiwa spidi ya 50 hadi 80, mguu mwepesi, gari inatetemeka kama imepita juu ya matuta madogo. Watu hushuku nozo. Kwa kawaida ni toki konveta (inayounganisha injini na giaboksi) na oil ya giaboksi iliyozeeka. Walisema oil ni ya maisha, wenyewe ZF wanaouza hiyo giaboksi wanashauri ibadilishwe. Ile ya gia 6 haina kijiti cha kupimia, kiwango kinapimwa injini ikiwaka na oil ikiwa joto la digrii 30 hadi 50, na filta iko ndani ya sampu ya plastiki ambayo inabadilishwa nzima. Oil ni Lifeguard 6 ama inayolingana nayo kabisa. ATF nyekundu ya kila gari itaimaliza.

Angalia kwanza kama kuna unyevu kuzunguka soketi ya waya upande wa giaboksi, kuna sili hapo inavuja na ni bei ndogo. Ikiwa inateleza ama inakataa kurudi nyuma, ama oil iliyotoka ni nyeusi na inanuka kuungua, hiyo ni ya mtu wa giaboksi peke yake, na hao kwa ukanda huu ni wa kuhesabu. Kuvuta gari tairi zikiwa chini na kasha la gia za chini (transfer box) halijawekwa nyutro kunaharibu kilichobaki.

Breki ya mkono inapiga yowe

Ukivuta swichi inalia kwa sauti mbaya ya chuma, halafu taa ya chungwa. Ndani ya diski za nyuma kuna shuu kama za dramu, na mota inazivuta kwa kebo. Tope na vumbi zikiingia, ama shuu zikiisha bila kurekebishwa, mota inavuta zaidi ya uwezo wake mpaka gia zake za plastiki zinavunjika. Kwa hivyo yowe la kwanza ni la kusafisha na kurekebisha shuu, kazi ya nusu siku kwa fundi mwenye skana ya kulegeza kebo. Yowe la kumi ni la kununua mota. Baada ya kupita tope, osha nyuma kwa ndani ya magurudumu, si rangi peke yake.

Ikikwama imeshika, kuna kitanzi cha waya cha dharura chini ya konso ya katikati. Jifunze kilipo kabla hujakihitaji, na tairi ziwekewe mawe kwanza.

Mbele inagonga na sukani inatangatanga

Anza na zile fimbo ndogo za stabilaiza, ndio rahisi na ndio zinagonga zaidi kwenye matuta. Kisha bushi za kontrolamu ya chini, dalili ni gari kuvuta ukikanyaga breki na tairi kulika kwa ndani. Hizi ni za kuisha na kurudi, barabara ndio hizo. Kitu mafundi wengi hawafanyi: boliti za bushi zikazwe gari ikiwa kwenye urefu wake wa kawaida, si ikining'inia kwa jeki, ukikaza ikining'inia mpira unakaa umejikunja na unapasuka kwa miezi michache. Halafu alaimenti.

Kapeti imelowa

Kisumu na Kakamega mvua haichezi, na sanrufu ya hii gari inategemea mifereji minne midogo ya kutoa maji kwenye kona. Ikizibwa na majani ya miti unayopakia chini yake, maji yanashuka ndani ya nguzo hadi miguuni mwa abiria, karibu na masanduku ya fyuzi na soketi. Ndipo dirisha linajifungua, redio inazima, gari inakataa kuwaka siku ya mvua tu. Mimina maji kidogo kwenye kona ya sanrufu iliyo wazi uone kama yanatoka chini nyuma ya magurudumu. Kama hayatoki, zibua kwa waya laini wa plastiki, usipulize hewa ya kompresa ya tairi kwa sababu mfereji unachomoka ndani na maji yote yanaingia garini. Ikiwa soketi tayari zina ukijani toa waya hasi wa betri, inua kapeti kote, sponji iliyo chini yake hukaa na maji wiki nyingi hata kapeti ikionekana kavu, na fundi wa stima asafishe pini moja moja kabla mtu yeyote hajakuuzia moduli.